Bwawa Hupimwa Kiangazi: Namna ya Kukagua Kituo cha Data kwa Matumizi ya Umeme na Utegemevu

Mmepanda hadi hapa Nunguni, Kilungu, katika Kaunti ya Makueni, kusikiliza mada ambayo kwa kawaida huzungumzwa katika kumbi za Nairobi. Kusudi langu ni kujibu swali moja: mwananchi, mwalimu au diwani asiye mhandisi atajuaje kama kituo cha data ni kizuri kweli, au ni jengo la kupendeza tu lenye taa nyingi?

Jibu langu nalitoa mapema ili mlipime ninavyoendelea. Nitatetea kwamba matumizi mazuri ya umeme na utegemevu si mambo mawili yanayovutana. Ni habari mbili zinazosomwa kwenye mita moja. Kituo kisichojua umeme wake unapotelea wapi hakiwezi kujua kitaharibikia wapi. Kwa hiyo kikaguliwe kwa mambo yote mawili pamoja, kikaguliwe wakati wa shida, na matokeo yawekwe wazi.

Ukambani tunalijua jambo hili kutokana na mabwawa ya mchanga. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa mtoni mto ukiwa mkavu. Mvua ikinyesha, maji huleta mchanga nyuma ya ukuta, kisha yakajificha katikati ya chembe zake, mahali ambapo jua haliyafikii. Mwezi wa Desemba kila bwawa ni zuri; mgeni akipita atalipiga picha na kuandika ripoti kwamba kazi imekamilika. Mwenyeji hana haraka hiyo. Yeye hungoja Septemba na Oktoba, kabla ya mvua za vuli, mama anapopiga magoti mchangani, akachimba kwa mikono na kuchota kwa kata. Akipata maji kwa kina cha kiwiko, hilo ni bwawa. Akichimba hadi mtu mzima anaingia shimoni na kupata unyevu tu, basi ukuta unavuja, na ufa huo ulikuwapo tangu Desemba. Angalieni kwamba kosa la bwawa hilo ni moja lakini lina majina mawili: wakati wa mvua tunaliita upotevu, wakati wa kiangazi tunaliita kiu. Hayo ndiyo nitakayoyasema juu ya vituo vya data.

Pengine yupo anayejiuliza Kilungu inahusikaje. Tangu Machi 2024, Mahakama ilipoeneza nchini kote utaratibu wa kuwasilisha kesi kwa njia ya mtandao, anayefungua shauri katika Mahakama ya Kilungu hupeleka karatasi zake kwenye seva kabla hazijamfikia hakimu. Tangu Oktoba 2024, bima ya afya ya taifa ilipohamia kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), mgonjwa wa hospitali yetu hutambuliwa na mashine kabla hajaandikiwa dawa. Leseni, pasipoti na cheti cha kuzaliwa hupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Tena, kituo cha taifa cha data kiko Konza, chini huko Malili, katika kaunti hii hii ya Makueni, kwenye zile ekari 5,000 za ranchi zilizonunuliwa na serikali mwaka 2009. Rais Mwai Kibaki aliuzindua ujenzi wa mji wa teknolojia wa Konza Januari 2013, na mwaka 2019 ukatiwa saini mkataba na kampuni ya Huawei wa kukijenga kituo hicho na mitambo ya mji. Basi sisi ni wateja wa vituo hivi, tena ni majirani. Mteja na jirani wote wana haki ya kuuliza.

Hoja ya kwanza: umeme uhesabiwe mlangoni na mezani

Ndani ya kituo cha data mna kabati za chuma zilizopangwa safu kwa safu, na ndani ya kila kabati seva, yaani kompyuta zisizo na kioo wala kibodi, zinazofanya kazi usiku na mchana. Karibu umeme wote unaoingia ndani ya seva hugeuka joto. Kwa hiyo mwenye kituo hununua umeme mara mbili: kwanza wa kufanyia kazi, pili wa kuliondoa joto la kazi hiyo. Katikati, transfoma, mitambo ya UPS inayoshikilia umeme stima inapokatika, na betri zake, huchukua fungu lao. Mwaka 2007 shirika la The Green Grid lilieneza kipimo kinachojulikana kwa herufi PUE, ambacho tangu 2016 kimo katika kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 30134-2. Hesabu yake mtoto wa darasa la sita ataiweza: chukua umeme wote ulioingia mlangoni, ugawanye kwa umeme uliofika kwenye seva. Ukipata 2, maana yake kila uniti iliyofanya kazi imesindikizwa na uniti nyingine nzima. Ukipata 1, hakuna kilichopotea njiani, jambo ambalo halijapata kutokea. Uchunguzi wa kila mwaka wa shirika la Uptime Institute umeonyesha wastani ukishuka kutoka takriban 2.5 mwaka 2007 hadi chini kidogo ya 1.6 miaka hii, na Google hutangaza wastani wa takriban 1.1 kwa vituo vyake vikubwa.

Tuchukue mfano tuone uzito wake. Kituo ambacho seva zake hutumia kilowati 1,000 mfululizo kitavuta kilowati-saa 14,016,000 kwa mwaka kikiwa na PUE ya 1.6, na 11,388,000 kikiwa na 1.3. Tofauti ni 2,628,000. Nyumba inayotumia uniti 30, yaani kilowati-saa 30, kwa mwezi hutumia 360 kwa mwaka, kwa hiyo umeme uliopotea kati ya vituo hivyo viwili ungetosha nyumba 7,300 za aina hiyo. Seva ni zile zile na kazi ni ile ile. Kilichobadilika ni njia tu.

Hata hivyo, naomba mnisikilize kwa makini hapa, kwa sababu kipimo hiki peke yake kinaweza kumpotosha mkaguzi. Tuseme seva zinatumia kilowati 1,000 na mitambo mingine 500. PUE ni 1.5. Fundi mwaminifu akagundua kuwa seva za kilowati 200 zimewashwa bila kufanya kazi yoyote, akazizima. Feni na vipoza vikapungua kidogo, tuseme hadi 450. Sasa kituo kinavuta 1,250 badala ya 1,500, faida kubwa, lakini 1,250 ukigawanya kwa 800 unapata takriban 1.56. Kipimo kinamwonyesha fundi huyo kuwa ameharibu! Ndiyo maana mkaguzi hapaswi kuridhika na tarakimu moja. Aulize pia seva zina shughuli kiasi gani, kipimo kimechukuliwa kwa mwaka mzima au alfajiri moja ya Julai yenye baridi, na mita zimewekwa wapi. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari lenye ukurasa mmoja si daftari.

Sasa nalihusisha jambo hili na utegemevu, kwa maana hapo ndipo penye kiini cha mhadhara. Chujio la hewa likiziba vumbi, feni hulazimika kuvuta kwa nguvu zaidi. Mita ya umeme hupanda polepole wiki kadhaa kabla joto halijapanda. Hewa moto inayotoka nyuma ya seva ikichanganyika na hewa baridi ya mbele, kituo hupoza chumba kizima kupita kiasi, na bado seva ya juu ya kabati la pembeni inaungua. Betri iliyochoka hupata joto na kula umeme kila inapochajiwa. Seva isiyo na kazi huchukua nafasi kwenye UPS ambayo ingehitajika siku mtambo wa pili ukizimika. Katika kila mfano, kilichoanza kama upotevu ndicho kitakachokuja kuwa hitilafu. Mwenye mita kila mahali huiona hitilafu ikiwa bado gharama ndogo. Asiye nayo huiona ikiwa msiba.

Hoja ya pili: cheti hakitoshi, kituo kijaribiwe gizani

Vituo vya data hupewa madaraja manne na Uptime Institute. Kwa miaka mingi madaraja hayo yameambatanishwa na asilimia za muda wa kupatikana kwa huduma: daraja la kwanza 99.671, yaani kukatika kwa saa 28.8 kwa mwaka. La tatu 99.982, yaani saa 1.6 hivi, la nne 99.995, yaani dakika 26. Asilimia hizi hupendeza katika vitabu vya matangazo. Lakini daraja linaeleza jinsi kituo kilivyosanifiwa: kama kina njia moja ya umeme au mbili, kama fundi anaweza kutengeneza sehemu moja bila kuzima nyingine. Halielezi kama mtu amekumbuka kujaza dizeli. Tena wastani huficha mengi. Kukatika mara moja kwa dakika 90 na kukatika mara 90 kwa dakika moja moja ni sawa katika hesabu ya asilimia, ilhali seva iliyozimwa ghafla kwa dakika moja inaweza kuchukua saa nzima kuamka na kupanga upya kumbukumbu zake.

Tarehe 25 Agosti 2023, Ijumaa usiku, umeme ulikatika karibu Kenya nzima. Ukakatika tena kwa kiwango hicho Novemba na Desemba mwaka huo huo, na tena Mei na Septemba 2024. Usiku ule wa Agosti, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ulikuwa na jenereta, lakini ile ya baadhi ya majengo ya abiria ilikataa kuwaka, na wasafiri wakakaa gizani. Silisemi hili kumlaumu yeyote. Nalisema kwa sababu ndilo somo kubwa kuliko yote katika taaluma hii: kuwa na jenereta ni jambo moja, na jenereta kuwaka ni jambo jingine.

Tuitazame kwa karibu ile nusu dakika ya kwanza. Stima inapokatika, seva hazihisi kitu, kwa sababu UPS huzilisha kutoka kwenye betri papo hapo. Betri hizo kwa kawaida zinaweza kuubeba mzigo kwa dakika chache, tuseme 5 hadi 15. Jenereta hupata amri ya kuwaka, na injini ya tani kadhaa hutegemea betri ndogo ya kuanzishia, ndugu wa ile iliyo kwenye lori. Betri hiyo ikiwa imelala, mamilioni yote yaliyotumika yamelala nayo. Injini ikiwaka, baada ya sekunde 10 au 15 swichi huhamisha mzigo. Hapo wengi hushangilia, lakini bado: vipoza vilizimika wakati umeme ulipokatika, na vingine huchukua dakika kadhaa kurudia kazi, huku seva zikiendelea kutoa joto katika chumba kilichofungwa. Mkaguzi wa kweli husimama ndani ya chumba hicho na kipimajoto mkononi, akaomba umeme wa Kenya Power ukatwe kwa makusudi huku mzigo halisi ukiwa umewashwa, akahesabu. Baadaye huenda nje akaomba kuona dizeli, kwa sababu dizeli iliyokaa tangini miezi mingi huingia maji na kufanya utando unaoziba vichujio.

Jambo jingine ambalo karatasi haiwezi kulisema ni mahali. Injini ya dizeli hupumua, na hewa ya nyanda zetu za juu ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Jenereta iliyoandikwa uwezo wake kiwandani kwa hesabu ya usawa wa bahari hupungukiwa na nguvu ikiwekwa Konza au Nairobi, mita zaidi ya 1,600 juu. Atakayenunua jenereta kwa kusoma kibandiko tu atajikuta na upungufu usiku ule ule anaouhitaji mzigo wote. Kituo kikaguliwe kilipo, si kilipochorwa.

Hoja ya tatu: njia mbili zisiwe njia moja yenye majina mawili

Hesabu ya utegemevu ina neema yake. Ukiwa na njia moja inayofanya kazi asilimia 99 ya muda, ukiongeza ya pili ya aina hiyo hiyo isiyotegemea ya kwanza, nafasi ya zote mbili kufa pamoja ni moja katika 10,000. Neema hiyo ina sharti moja: zisitegemeane. Ukizipitisha nyaya mbili katika mtaro mmoja, trekta moja litazikata zote kwa pigo moja.

Wasemaji wa Kiswahili wanao mfano mchungu wa njia moja. Unguja ilipata umeme kwa kebo ya chini ya bahari iliyowekwa mwaka 1980 kutoka Ras Kiromoni, Tanzania Bara, hadi Fumba. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani takriban mwezi mmoja. Kisha Desemba 2009 umeme ukakatika tena, na haukurudi hadi Machi 2010, miezi mitatu. Pampu za maji zilisimama, watu wakabeba ndoo, hospitali zikaishi kwa jenereta. Ile kebo haikuwa mbaya. Ilifanya kazi karibu miaka 30. Ubaya ulikuwa kwamba haikuwa na mwenzake, na kebo mpya ilipowekwa baadaye ilikuwa kukubali somo hilo. Mfano wa njia mbili zinazofanana ni wa Mei 2024, kebo za intaneti za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu siku moja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikadhoofika Kenya na Tanzania. Mashirika ni mawili, majina ni mawili, lakini bahari zilimopita kebo hizo ilikuwa ile ile.

Data yenyewe nayo inahitaji njia ya pili. Machi 2021 moto uliteketeza jengo la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja wakagundua kwamba nakala zao za akiba zilikuwa pale pale zilipokuwa nakala za asili. Septemba 2025 moto ulioanzia kwenye betri ulizuka katika kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon. Huduma zaidi ya 600 zikasimama, na hifadhi ya faili za kazi za watumishi wa umma, terabaiti 858, ikapotea kwa kuwa haikuwa na nakala mahali pengine. Korea Kusini ni miongoni mwa nchi zilizoendelea mno katika fani hii. Kama hayo yaliwapata wao, basi swali letu kwa kila kituo kinachotunza hati za ardhi, hukumu na rekodi za wagonjwa liwe hili: nakala ya pili iko wapi, na ni lini mara ya mwisho mliijaribu kwa kuirudisha na kuisoma? Nakala ambayo haijawahi kurudishwa ni matumaini tu.

Hoja ya nne: maji na hewa viingie katika hesabu

Kwetu sisi hii ndiyo hoja ya moyoni. Kuna njia mbili kubwa za kulitoa joto: kwa mashine za kupoza zinazokula umeme, au kwa kuvukiza maji, ambako hupunguza umeme. Kituo kinachovukiza maji kitakuwa na PUE nzuri sana, na mkaguzi wa haraka atakisifu. Lakini lita moja ya maji ikivukizwa huondoa joto la takriban theluthi mbili za kilowati-saa. Kwa hiyo kila kilowati-saa ya joto huhitaji lita 1.5 hivi. Kituo cha kilowati 1,000 kikitegemea njia hiyo peke yake kitavukiza lita 36,000 kwa siku, yaani mitungi 1,800 ya lita 20. Hebu wazieni punda wa Ukambani wakibeba mitungi hiyo kila siku ya mwaka, ndipo mtajua kwa nini nasema tarakimu ya umeme isiyofuatana na tarakimu ya maji ni nusu ya ukweli. Bwawa la Thwake, lililoko mpakani mwa Makueni na Kitui, limekusudiwa kuwapa maji wananchi wa kaunti hizi na pia mji wa Konza. Wenye kiu ni wengi, basi lita za kila mmoja zijulikane.

Mahali petu pia pana zawadi. Mwongozo wa shirika la ASHRAE, unaofuatwa na wahandisi wengi duniani, unapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Nyanda za juu za Kenya zina usiku wa baridi na asubuhi nyingi zilizo chini ya kiwango hicho cha juu, kwa hiyo hewa ya nje ikichujwa vumbi vizuri inaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi bila kipoza na bila maji. Kituo cha Konza au Nairobi kinachopoza chumba hadi nyuzi 18 mwaka mzima kwa mashine, kikiwa kimefunga madirisha ya neema hiyo, kinalipia baridi ambayo sisi wa Kilungu huipata bure mwezi wa Julai na kuikimbia kwa makoti. Tena, vipoza vichache vinavyofanya kazi ni vipoza vichache vya kuharibika. Mita ile ile tena.

Hoja ya tano: hesabu iishie kwa mwananchi

Utegemevu hupimwa kwa kawaida kwenye mlango wa kituo. Mwananchi hayuko mlangoni, yuko Nunguni. Tuseme, kwa mfano tu, kituo kinapatikana asilimia 99.98, mkongo wa intaneti unaoleta huduma zake huku asilimia 99.5, na stima ya ofisi inayokuhudumia asilimia 98. Ukizidisha, unapata takriban 97.5. Asilimia 2.5 iliyokosekana ni saa kama 220 kwa mwaka, zaidi ya siku tisa. Katika mnyororo huo, kutumia mamilioni kukipandisha kituo daraja moja zaidi hakumsaidii mgonjwa hata saa mbili kwa mwaka, ilhali betri na paneli ya jua katika zahanati vingemrudishia siku nzima nzima. Mkaguzi mwenye busara hutafuta pete dhaifu ya mnyororo, na fedha hufuata pete hiyo.

Majibu kwa wenye shaka

Wapo watakaosema: mshika mbili moja humponyoka. Utegemevu ni kuwa na mitambo ya ziada, na mitambo ya ziada hula umeme, kwa hiyo chagua moja. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake. UPS mbili zinazogawana mzigo, kila moja ikibeba chini ya nusu, hupoteza zaidi kuliko moja iliyojazwa vizuri, na hasara huwa kubwa zaidi kituo kikiwa kipya na wateja wachache. Lakini hasara hiyo haitokani na akiba, inatokana na akiba isiyo na kipimo. Kituo kinaweza kujengwa kwa vipande, kila kipande na mwenzake wa akiba, na kipande kipya kikawashwa wateja wanapoongezeka. Akiba haiozi, lakini haihitaji kuwashwa yote usiku kucha.

Wengine watasema: umeme unaozalishwa Kenya kwa sehemu kubwa, takriban asilimia 90, hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, maji ya Tana, upepo na jua, kwa hiyo kupoteza umeme safi si dhambi. Nawajibu kwamba jioni, mahitaji yanapopanda, mitambo ya mafuta bado huwashwa, na uniti iliyopotea saa hiyo ina moshi. Zaidi ya hayo, umeme safi nao ni haba: uniti iliyogeuka joto bure ndiyo iliyokosekana kwenye kinu cha kusaga na pampu ya shamba. Mei 2024 kampuni za Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa kituo kikubwa Olkaria kitakachotumia mvuke. Wateja wakubwa wa namna hiyo wakija, uhaba ndio utakaozungumza.

Wa tatu watasema kwamba kutangaza matokeo ni kumpa adui silaha. Siri ipo, nami naiheshimu: ramani za nyaya, kufuli na programu zisitangazwe. Lakini PUE ya mwaka, lita za maji, idadi na muda wa kukatika, na tarehe ya jaribio la mwisho la jenereta havimfundishi mwizi chochote. Vinamfundisha mlipa kodi. Sheria nayo imeshafungua njia: Kanuni za Usimamizi wa Nishati za mwaka 2012 zilitaka jengo linalotumia zaidi ya kilowati-saa 180,000 kwa mwaka likaguliwe angalau mara moja katika miaka mitatu na mwenyewe atekeleze angalau nusu ya akiba iliyotambuliwa. Kituo cha kilowati 1,000 hukivuka kiwango hicho katika muda usiozidi siku nane. Kwa hiyo siombi sheria mpya. Naomba ukaguzi uliokwisha kuamriwa uongezewe jaribio la giza, tarakimu ya maji, na ukurasa mmoja wa kusomwa na umma.

Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, matuta yanayozuia udongo kwenye milima hii hayakuchimbwa na mtu mmoja. Yalichimbwa na vikundi vya mwethya, watu wa kijiji kimoja wakienda shamba kwa shamba. Kazi ya kukagua vituo vya data nayo itahitaji mwethya wake: fundi wa stima, mtaalamu wa seva, mhandisi wa maji, mwanasheria, na mwananchi anayejua ni siku gani mtambo wa hospitali ulikataa. Vijana wa Kilungu walioko shuleni leo wana nafasi katika kazi hiyo, na hawana haja ya kungoja ajira ya Konza. Kila ofisi ya umma yenye chumba cha seva, hata kiwe na kabati moja, ni darasa. Weka mita mlangoni, mita kwenye kabati na kipimajoto mbele ya seva, andika kila siku kwa mwaka mmoja, na mwezi mmoja baada ya mwingine uzime umeme kwa makusudi uone kinachotokea. Atakayefanya hivyo atakuwa amejifunza nusu ya taaluma hii.

Naomba basi tukutane tena hapa kiangazi kijacho, mwezi wa Oktoba kabla mvua haijaanza, tukiwa na madaftari hayo mkononi. Mabwawa yetu ya mchanga yatakuwa yanakaguliwa mwezi huo huo, na vituo vya data vinastahili kukaguliwa vivyo hivyo, wakati ambapo hakuna kinachoweza kujificha.